NUNGU WA BAHARINI: CHAKULA CHAO NA USHINDANI WAO KATIKA MIAMBA YA MATUMBAWE

Wakati wa bamvua, maji yanapokupwa hadi karibu na mwamba, mkaazi wa mwambao anayeteremka pwani kwa kazi ya mwani, chaza au pweza hulazimika kutazama chini katika kila hatua. Sababu ni nungu wa baharini, kiumbe wa mviringo mwenye miiba, ambaye majina yake hubadilika kutoka kijiji hadi kijiji na ambaye aghlabu hukumbukwa pale tu mwiba wake unapokatikia unyayoni. Baadhi ya wananchi husema kuwa nungu wamezidi mno. Wengine hupendekeza kwamba dawa ni kuwaponda wote, mwamba hadi mwamba. Maelezo yafuatayo yanakusudiwa kuwasaidia watumishi wa Serikali walioko wilayani, masheha, kamati za wavuvi na wananchi kwa jumla kufahamu nungu hao wanakula nini, wanagombania nini, na kwa nini wingi wao unahusiana moja kwa moja na kitoweo kinachofika sokoni.

Jambo la mwanzo linalofaa kueleweka ni kuwa nungu wa baharini si mmoja. Katika miamba ya Afrika Mashariki wapo wa aina nyingi, na tabia zao zinatofautiana kama zinavyotofautiana tabia za kuku, bata na njiwa. Wanachoshirikiana wote ni umbo la mwili. Gamba lao ni la chokaa, miiba imesimama juu ya vifundo vidogo, na baina ya miiba hutokeza miguu laini iliyojaa maji ambayo kwayo kiumbe huyu hutambaa na kujishikiza juu ya jiwe. Kinywa kipo chini, kikielekea mwamba. Ndani yake mna meno matano yaliyofungwa katika mfumo wa mifupa midogo ya chokaa. Mwanachuoni wa Kiyunani Aristotle aliyaeleza maumbile hayo zaidi ya miaka 2300 iliyopita, akayafananisha na taa, na hadi leo wataalamu wa viumbe vya bahari huyaita kandili ya Aristotle. Meno hayo hayaachi kukua. Kadiri yanavyolika kwa kukwangua jiwe, ndivyo yanavyoota upya kutoka juu, na ndiyo maana nungu huweza kutafuna mwamba maisha yake yote bila ya kuwa kibogoyo.

Kwa madhumuni ya maelezo haya wanatosha kutajwa wachache. Yupo nungu mchimbaji, ambaye wataalamu humwita Echinometra mathaei. Huyu ni mdogo, miiba yake ni mifupi na minene, na hukaa ndani ya tundu ambalo mara nyingi amelichimba mwenyewe kwa meno na miiba. Wapo nungu wa miiba mirefu, weusi, ambao miiba yao ni myembamba kama sindano na yenye uwazi ndani. Hao ni wa aina mbili zinazofanana sana: Diadema setosum, ambaye nyuma yake huonekana duara la rangi ya chungwa na madoa matano meupe, na Diadema savignyi, ambaye hana duara hilo. Yupo pia mkubwa wao wa jamii ya karibu, Echinothrix diadema. Na katika mabustani ya majani ya bahari yupo nungu wa majani, Tripneustes gratilla, ambaye miiba yake ni mifupi na ambaye hupenda kujifunika vipande vya majani na magamba kama mtu aliyejitwika kofia ya ukili.

CHAKULA CHAO

Watu wengi hudhani kuwa nungu hula matumbawe yenyewe. Dhana hiyo ina ukweli kidogo tu. Chakula kikuu cha nungu wa mwambani ni mwani mfupi sana unaoota juu ya mawe na juu ya matumbawe yaliyokufa, mithili ya zulia au ukoga. Mwani huo hauonekani kuwa ni kitu, lakini hukua upesi mno na ndio unaolisha sehemu kubwa ya wanyama wa mwambani, wakiwemo pono na kangaja. Nungu anapoukwangua, meno yake hayabagui baina ya mwani na jiwe. Huumeza mwani pamoja na unga wa chokaa, naye hutoa chokaa hiyo kama mchanga.

Nungu mchimbaji ni mvivu wa kutembea. Hukaa katika tundu lake, akakwangua kuta zake na sehemu iliyo mlangoni, na akadaka vipande vya mwani vinavyoletwa na maji. Kwake tundu ni nyumba na shamba kwa pamoja, na kwa hivyo hulilinda kwa ukali usiotarajiwa kwa kiumbe asiye na macho. Nungu mwengine akimkaribia, humsukuma kwa miiba na humuuma hadi aondoke. Nungu wa miiba mirefu wana desturi nyengine. Mchana hujificha katika mapango na mianya, au hujikusanya makundi makundi mahali pa wazi, miiba ikielekea kila upande. Usiku hutoka kwenda kula, na kabla ya mapambazuko hurejea.

Nungu wa majani ana ulaji wa namna nyengine. Yeye hutafuna majani ya bahari yaliyo hai, na penye wengi wao bustani zima laweza kubakia vishina vitupu. Katika maji yaliyo baina ya mwamba na ufukwe huko Kenya, watafiti wameona mabustani ya majani ya bahari yenye mashina magumu yakilika namna hiyo, na majani hayo hayarudi upesi, kwa kuwa mizizi yake hutambaa polepole mchangani. Wakulima wa mwani wa kusini na mashariki ya Unguja, ambako kilimo hicho kilianza 1989, wanamjua pia kiumbe huyu, kwani mwani uliofungwa kwenye kamba ni chakula kilichopangwa tayari mbele yake. Hapa dawa ni ya mkono. Nungu huokotwa na kuhamishwa mbali na shamba wakati wa kupwa, kazi ambayo wakulima huifanya pamoja na kusafisha kamba zao.

Lipo jambo jengine katika ulaji wa nungu ambalo ni ufunguo wa yote yanayofuata. Nungu anaweza kustahimili njaa kwa kiwango ambacho samaki hawezi. Damu yake si ya mbio, pumzi yake ni ndogo, na anapokosa chakula hupunguza mwili. Imeonekana katika bahari mbalimbali kuwa penye nungu wengi na chakula kidogo, gamba huwa dogo ilhali kandili ya meno huwa kubwa kwa kulinganisha na mwili, yaani mnyama mwenyewe hukonda lakini chombo chake cha kukwangulia hubakia na nguvu. Kwa hivyo kundi la nungu halitoweki kwa kukosa chakula. Hukaa pale pale, likakwangua kila kinachoota.

KINACHOGOMBANIWA NI TUNDU

Iwapo nungu wa aina tatu wanakula mwani ule ule katika mwamba ule ule, kwa nini mmoja wao hakuwashinda wenziwe na kuwafukuza? Suala hili lilichunguzwa katika miamba ya Kenya na matokeo yake yalichapishwa 1988. Jawabu iliyopatikana ni kuwa kinachogombaniwa zaidi ni mahali pa kujificha, kuliko chakula chenyewe. Nungu mchimbaji hukaa katika mianya midogo, Diadema savignyi katika mianya ya kiasi, na Diadema setosum, ambaye huwa mkubwa kuliko wote watatu, hukaa katika mapango makubwa au katika makundi ya mahali pa wazi. Mwamba wenye mashimo ya kila kimo huwapa wote watatu nafasi.

Wanapokutanishwa uso kwa uso, mshindi ni yule asiyetarajiwa. Nungu mchimbaji, ijapokuwa ni mdogo na miiba yake haitishi, huwashinda wenye miiba mirefu. Wa pili ni Diadema savignyi, na anayeshindwa na wote ni Diadema setosum. Anayekwenda pwani na kuona miiba ya huyu wa mwisho asingefikiri hivyo. Lakini miiba mirefu imeumbwa kwa ajili ya kumzuia samaki, na haimfai sana mwenyewe katika ugomvi wa kuingia tunduni.

Hapo ndipo inapoingia hesabu ya upande wa pili. Yule aliye hodari wa kumfukuza mwenziwe ndiye aliye dhaifu mbele ya adui. Nungu mchimbaji huliwa kwa wepesi kuliko wenye miiba mirefu. Penye samaki wengi wanaokula nungu, mchimbaji hubakia mmoja mmoja ndani ya matundu yake, na wengine hupata nafasi. Penye samaki wachache, breki hiyo huondoka. Mchimbaji huongezeka, hutoka nje ya matundu, huwasukuma wenziwe, na mwisho mwamba mzima huwa ni wake yeye peke yake. Kwa hivyo mvuvi anayeona mwamba uliojaa nungu wadogo wa kahawia na weusi, kila mmoja na kishimo chake, anaona pia kumbukumbu ya samaki waliotolewa hapo.

Samaki gani? Wapo kadhaa, wakiwemo baadhi ya changu na samaki wengine wenye meno ya kusagia. Lakini aliyejitokeza zaidi katika uchunguzi wa miamba ya Kenya ni kikande, na khasa kikande mwenye mistari ya rangi ya chungwa, Balistapus undulatus, samaki asiyezidi urefu wa sentimita 30 hivi. Kikande ana meno ya mbele kama patasi na ngozi ngumu. Humpindua nungu na kumshambulia kwa upande wa chini, ambako miiba ni mifupi na kinywa kiko wazi. Sokoni hana jina kubwa mbele ya changu au chewa. Huingia demani pamoja na wengine, akauzwa katika fungu, na hakuna anayemsikitikia. Pengine hakuna samaki mwengine wa mwambani ambaye thamani yake akiwa hai imepita kwa mbali namna hiyo bei yake akiwa katika mtungo.

Uchunguzi uliochapishwa 1990, uliolinganisha miamba sita ya Kenya, uliona kuwa nungu katika miamba inayovuliwa walikuwa zaidi ya mara 100 ya wale waliokuwemo katika miamba iliyohifadhiwa, na kwamba kasi ya nungu mchimbaji kuliwa na maadui zake ilikuwa ndogo mara nne katika miamba inayovuliwa. Hifadhi za Malindi na Watamu, zilizoanzishwa 1968, ndizo zilizotoa mfano wa mwamba ambao vikande wake wameachwa kwa muda mrefu.

NUNGU DHIDI YA SAMAKI

Ushindani wa nungu kwa nungu ungeweza kuachiwa wataalamu peke yao, lau si kuwa upo ushindani wa pili unaomgusa kila anayekula samaki. Pono, kangaja na tasi nao ni walaji wa mwani. Chakula ni kile kile, na mwamba ni ule ule.

Mfano unaofaa hapa hautoki baharini. Katika kata ya Kwamsisi wilayani Handeni, ng'ambo ya pili ya maji, bahari haionekani, lakini mambo ya malisho yanajulikana. Malisho yakiwa mazuri, ng'ombe na mbuzi huishi pamoja. Malisho yakishalika hadi ardhini, ng'ombe hudhoofika na kufa, ilhali mbuzi bado anapata cha kung'ata. Mwenye kuendelea kuweka mbuzi wengi mahali hapo asitarajie nyasi za ng'ombe zirudi, kwani kila chipukizi likitokeza huliwa kabla ya kukua. Nungu ni mbuzi wa bahari, na tofauti yake na mbuzi ni kuwa hana mchungaji wa kumhamisha. Kwa kuwa anaishi kwa chakula kidogo kuliko samaki, anaweza kuushusha mwani wa mwamba hadi kiwango ambacho yeye hutosheka nacho na pono hatosheki. Samaki wadogo wanaokuja kutoka nje hukuta meza imeshaondolewa. Ndivyo mwamba unavyoweza kubakia maskini kwa miaka mingi hata baada ya idadi ya wavuvi kupungua, na ndivyo mkaazi wa Kwamsisi anayenunua ng'onda kutoka pwani anavyoingia katika hesabu ya kiumbe ambaye huenda hajapata kumuona.

Hasara nyengine ni ya mwamba wenyewe. Imeshatajwa kuwa nungu humeza chokaa. Kiasi chake kimepimwa. Katika matokeo ya miamba ya Kenya yaliyochapishwa 2001, nungu mchimbaji mmoja alikadiriwa kutafuna takriban sehemu moja ya kumi ya gramu ya chokaa kwa siku, na Diadema setosum mmoja karibu gramu 1.8. Kwa kumtazama mmoja mmoja, mchimbaji haonekani kuwa na madhara. Lakini wingi ndio unaotia uzito. Katika hifadhi za zamani nungu wa kila aina kwa pamoja walikuwa wakiondosha kiasi cha gramu 50 za chokaa katika kila mita moja ya mraba kwa mwaka, na katika miamba inayovuliwa zaidi ya kilo moja. Mwamba ndio ngome inayovunja mawimbi kabla hayajafika ufukweni. Vijiji vinavyolalamikia minazi kuangukia baharini vina sababu ya kutazama pia kile kinachotokea mwambani, ingawa mmong'onyoko wa fukwe una sababu nyingi na si haki kuutwika wote juu ya nungu.

Aidha, nungu wanapokuwa wengi kupita kiasi hukwangua hata ule mwani mgumu wa rangi ya waridi unaoganda juu ya mawe kama chokaa, ambao ndio unaopendwa na vichanga vya matumbawe vinapotafuta mahali pa kutua. Jambo hili lilipata uzito zaidi baada ya 1998, mwaka ambao maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto lisilo la kawaida na matumbawe mengi ya Afrika Mashariki yakapauka na kufa. Kupauka kulitokea tena 2016. Kila mara mwamba unapokufa, upatikanaji wa matumbawe mapya hutegemea vichanga hivyo kupata pa kukaa.

JE, NUNGU WAPONDWE?

Suala hili linastahili jawabu ya wazi, kwa sababu kazi ya kuponda nungu inaonekana nyepesi na inaweza kupata watu wa kuifanya. Jaribio la aina hiyo limeshafanywa. Matokeo yaliyochapishwa 1996 yalihusu viwanja ambavyo nungu walipunguzwa kwa makusudi katika miamba mitatu ya Kenya inayovuliwa na katika hifadhi ya Mombasa, ambayo wakati huo ilikuwa changa. Mwani uliongezeka kila mahali. Penye samaki wa kutosha, nafasi iliyoachwa na nungu ilichukuliwa na samaki. Penye samaki wachache, mwani mrefu ulikua bila ya mlaji na ukaanza kuyafunika matumbawe. Kwa maneno mengine, kumuondoa nungu pasipo kumrejesha samaki ni kubadilisha maradhi moja kwa jengine.

Somo kubwa zaidi lilitoka bahari ya Karibi. Mwezi Januari 1983 nungu wa miiba mirefu wa huko, Diadema antillarum, walianza kufa karibu na Panama. Maradhi hayo yalienea katika bahari nzima kwa muda wa miezi kumi na mitatu hivi na kuua zaidi ya asilimia 90 ya nungu wa aina hiyo. Jamaica, ambako samaki wala mwani walikuwa wameshavuliwa kupita kiasi, ilikuwa ikimtegemea nungu huyo peke yake kusafisha miamba yake. Alipotoweka, mwani ulifunika matumbawe, na hadi leo miamba mingi ya huko haijarejea hali yake ya zamani. Nungu yule yule ambaye pengine angeitwa adui alikuwa ndiye mfagizi wa mwisho aliyebakia.

Kwa hivyo hapana nungu wa kupigwa vita kwa jumla. Upo uwiano, na uwiano huo hushikwa na samaki. Penye hifadhi ya muda mrefu nungu huwapo, ila ni wachache na wa aina mbalimbali. Chumbe, ambayo mwamba wake wa magharibi ulitangazwa kuwa hifadhi 1994, ni mfano ulio karibu zaidi na mji wa Zanzibar, na wanafunzi wa skuli wanaopelekwa huko kwa masomo huweza kuuona wenyewe. Lakini inafaa wananchi wasiahidiwe haraka. Vikande hukua na kuongezeka polepole, na uzoefu wa hifadhi za Kenya unaonyesha kuwa kurudi kwao huhesabiwa kwa miaka mingi, wala si kwa msimu mmoja au miwili. Kamati ya kijiji inayofunga mwamba kwa miezi mitatu huweza kupata faida ya pweza, ambaye hukua upesi. Isishangae ikiwa nungu ni wale wale.

Kinachoweza kufanywa na mvuvi mmoja mmoja ni kidogo lakini kina maana. Dema lenye matundu makubwa huwaachia wadogo. Kikande mdogo aliyeingia demani akiwa hai anaweza kurejeshwa majini, kwani ni samaki mgumu na aghlabu hustahimili. Juya la kukokota na mtindo wa kigumi, ambao matumbawe hupigwa kwa miti ili samaki watoke, huharibu mara mbili: humtoa samaki anayekula nungu, na huvunja mapango na mianya, mwamba ukawa uwanja wa kokoto ambao huwafaa wachache tu. Baruti hufanya hivyo hivyo kwa dakika moja. Wapo pia maadui wa nungu wasiokuwa samaki, nao ni konokono wakubwa wa baharini wenye gamba nene ambao magamba yao huuzwa kwa watalii. Anayemuokota mmoja kwa ajili ya pambo la kabatini ameondosha mlaji wa nungu ambaye ilimchukua miaka kufikia ukubwa huo.

MIIBA, NA NUNGU MWENYE MAUA

Kwa wanaoteremka pwani kila siku, hatari iliyo karibu zaidi ni ya mwili. Mwiba wa nungu mrefu hukatika kwa urahisi na huacha doa la rangi ya zambarau au nyeusi, ambalo hutisha zaidi kuliko madhara yake. Kipande kilicho juu hutolewa kwa uangalifu. Kilichozama kisichokurwe kwa wembe. Sehemu iliyochomwa ikitiwa katika maji ya moto, kiasi cha moto ambao mtu anaweza kuustahimili bila ya kuungua, kwa nusu saa au zaidi, maumivu hupungua. Mwiba ulioingia katika kiungo, au jeraha lililovimba na kutoa usaha, ni la kupelekwa kituo cha afya bila ya kuchelewa.

Yupo nungu mmoja ambaye ni lazima atengwe na wengine. Anaitwa Toxopneustes pileolus. Miiba yake ni mifupi na haionekani kuwa ya hatari, na mwili wake umejaa vitu vidogo mfano wa maua meupe au ya waridi. Hayo si maua bali ni koleo zenye sumu kali, na anayemshika kwa mkono mtupu anaweza kupata maumivu makali, ganzi na dhiki ya kupumua. Naye hujifunika majani na magamba kama afanyavyo nungu wa majani, na katika maji yenye vumbi wawili hao huweza kuchanganywa. Wakulima wa mwani wanaohamisha nungu kutoka mashambani mwao wanashauriwa kutumia kijiti, kikapu au glavu nene, na watoto wakatazwe kabisa kumchezea nungu yeyote mwenye kofia ya majani.

TAHADHARI YA MARADHI

Mwaka 2022 nungu wa bahari ya Karibi walianza kufa tena, na safari hii sababu ilijulikana: kiumbe kidogo kisichoonekana kwa macho, chenye vinyweleo, kinachoingia mwilini mwa nungu. Katika mwaka huo huo na 2023 vifo vya namna hiyo vilionekana katika Bahari ya Mediterania na Bahari ya Sham, ambako Diadema setosum alitoweka katika baadhi ya miamba kwa muda mfupi mno, na kisha katika kisiwa cha Reunion, ambacho kimo katika Bahari hii hii ya Hindi. Diadema setosum ni nungu wa Unguja na Pemba pia.

Dalili zake zinaonekana kwa jicho la kawaida. Nungu wa miiba mirefu hushindwa kujishikiza juu ya jiwe, miiba hulala badala ya kusimama na huanza kudondoka, na baada ya siku mbili hivi hubaki gamba tupu. Samaki huonekana wakimla mchana kweupe. Nungu mmoja mmoja aliyekufa si jambo la kutia hofu, lakini makumi wakikutwa katika hali hiyo mahali pamoja, mvuvi au mkulima wa mwani aliyewaona ampe taarifa sheha au afisa wa uvuvi wa wilaya, akitaja siku, mwamba na aina ya nungu, ili Taasisi ya Sayansi za Bahari iweze kufikishiwa habari mapema. Nungu wa namna hiyo wasihamishwe kutoka mwamba mmoja kwenda mwengine, wala wasitumbukizwe katika maji ya mahali pengine, na ndoo au kikapu kilichowachukua kioshwe kwa maji matamu na kuanikwa juani kabla ya kutumika tena.